Programu-jalizi

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kompyuta hufundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo vijana wanaotengeneza tovuti huko huitaja programu-jalizi kwa jina lake la Kifaransa. Neno la Kiswahili lipo, nami nalipenda kwa sababu ya kitenzi chake. Kujaliza ni kujaza hadi pomoni. Mama anayepima unga wa muhogo sokoni hufikisha unga kwenye ukingo wa kopo, kisha huongeza konzi moja juu mpaka kilele kisimame. Konzi ile ndiyo inayojaliza. Pasipo kopo, haina pa kukaa.

Programu-jalizi nayo haisimami peke yake: huchomekwa kwenye programu kubwa na kuipa kile ilichopungukiwa. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilifungua mlango huo mwaka 2004, katika toleo la 1.2, na leo jalizi zake ni makumi ya maelfu.

Hapo ndipo konzi zinapoanza kumwagika. Kila jalizi inaweza kuongeza uzito wa tovuti, na msomaji wa Butembo anayesoma kwa simu hununua mega za intaneti kwa fedha yake mwenyewe. Mimi ningetanguliza inayopunguza ukubwa wa picha, halafu inayotunza nakala za akiba. Nyingine zisubiri. Na ile ambayo mtengenezaji wake ameacha kuihuisha, ing'oeni kabisa. Kuizima tu hakutoshi, maana mafaili yake yakibaki kwenye seva, mdukuzi anaweza kupenya kupitia humo.