Haki ya Kukarabati Kitimwendo: Tatizo la Kitenzi "Tengeneza"

Mfasiri akikabidhiwa sheria ya jimbo la Colorado, Marekani, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Januari 1, 2023, atakwama katika kitenzi kimoja. Sheria hiyo yamtaka mwenye kiwanda cha vitimwendo vya umeme awape mmiliki, na fundi asiye wa kiwanda, vipuri, zana, programu na maelekezo ya ufundi. Katika Kiswahili cha kila siku, mwenye kiwanda ni mtengenezaji. Na fundi naye, afunguapo mota iliyokufa, anatengeneza. Tukiandika kwamba "mtengenezaji ampe mtengenezaji", haki yenyewe imetoweka.

Zamani utata huo haukumdhuru mtu. Baiskeli ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono hutumia mnyororo, spoki na matairi yasiyo mageni kwa fundi yeyote wa baiskeli mjini Mwanza, naye huweza kuiunda na kuiponya kwa spana zilezile. Kitimwendo cha umeme sivyo. Betri zake, kwa kawaida mbili za volti 12, si fumbo. Lakini kidhibiti chake mara nyingi hakikubali kuguswa ila kwa kifaa na programu ya kiwanda. Hapo ndipo aundaye na aponyaye walipoachana, na mwenye kiti akabaki nyumbani. (Katika mji wa vilima vya mawe, kubaki nyumbani si tamathali ya usemi.)

Mwaka 1982 Bunge letu lilitunga sheria mbili kuhusu walemavu: moja ya ajira, nyingine ya matunzo. Mwaka 2010 mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo msingi wake ni haki. Mtu amekwisha kuhama kutoka matunzo hadi haki. Kifaa chake bado hakijapata kitenzi.

Kitenzi hicho hakihitaji kuazimwa mbali. Katika lugha ya vyombo vya majini, kuunda ni kazi moja, na kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, ni nyingine. Tena meli ya MV Victoria iliporejea ziwani mwaka 2020, ilisemwa kuwa imekarabatiwa, wala hakuna aliyeelewa kwamba imeundwa. Basi na tuseme muundaji, mkarabati, na haki ya kukarabati.

Wapo watakaosema kwamba "karabati" ni neno la majumba na meli, kubwa mno kwa kiti, na kwamba "rekebisha" latosha. Lakini vifungu vya sheria navyo hurekebishwa, na msomaji atakayekuta "haki ya marekebisho" atadhani anaruhusiwa kuibadili sheria yenyewe.