Kompresa Haifi, Huuawa

Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Naanza na hilo kwa sababu sisi watu wa vitabu tuna tabia ya kudhani kwamba mambo ya mashine ni ya wengine, ya kina fundi, na kwamba yetu ni maneno tu. Kumbe mashine hii ilizaliwa nyumbani kwetu kabisa, kiwandani mwa wachapaji.

Mwaka 1902, huko Brooklyn, New York, kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms kilikuwa na tatizo la rangi. Zamani karatasi ya picha za rangi ilipita mashineni mara kadhaa, rangi moja kila safari. Siku ya unyevu karatasi ilivimba kidogo, siku ya ukavu ikasinyaa, basi rangi ya pili haikukaa tena juu ya ile ya kwanza. Mdomo wa mtu pichani ukahamia shavuni. Mhandisi mmoja kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Mwezi Julai mwaka ule alikamilisha michoro ya mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba baridi, ili unyevu ugande kwenye mabomba na hewa itoke ikiwa kavu. Ubaridi wenyewe ulikuwa njia tu. Kilichotakiwa ni karatasi itulie.

Ukitaka kuelewa kiyoyozi, elewa jambo moja: hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke kinachukua joto la kilicho karibu nacho. Mwaga spiriti kidogo mkononi uone. Sasa ili kazi hiyo iendelee mchana kutwa bila kumwaga spiriti mpya kila dakika, lazima uukusanye ule mvuke, uukandamize mpaka uwe na joto kuliko hewa ya nje, uutoe joto hilo nje, nao urudi kuwa kimiminika. Kisha safari inaanza upya. Kinachokandamiza ndiyo kompresa. Ni moyo wa mtambo, na kama moyo, ikisimama vingine vyote havina maana.

Mmoja wa watu waliofanikisha jambo hili alikuwa mwandishi wa habari. Nikiri, kwa mtu anayeishi kwa kalamu kama mimi, habari hii ilinifurahisha mno. James Harrison alikuwa Mskoti aliyejifunza uchapaji kisha akahamia Australia mwaka 1837. Alihariri na baadaye akamiliki gazeti la Geelong Advertiser. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisafisha herufi za chuma kwa etha, akaona jinsi chuma kinavyopoa etha inapokauka. Katika miaka ya 1850 akajenga mashine ya kutengeneza barafu kando ya mto Barwon, ikitumia etha na kompresa, na akaipatia hataza. Mashine ilifanya kazi. Biashara ilimfilisi.

Kabla yake kidogo, daktari John Gorrie wa mji wa Apalachicola, Florida, alipata hataza ya mashine ya barafu mwaka 1851. Yeye alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Aliamini, kama madaktari wengi wa wakati wake, kwamba malaria inatokana na hewa mbaya ya joto na mabwawa. Ingepita karibu nusu karne, hadi 1897, kabla Ronald Ross hajauona ushahidi ndani ya mbu. Kwa hiyo Gorrie aliusoma ugonjwa vibaya, lakini kutokana na usomaji huo mbaya akajenga mashine iliyokuwa sahihi. Alifariki mwaka 1855 bila fedha na bila wa kumwamini.

Naitaja habari ya Gorrie kwa sababu insha hii inahusu utambuzi wa ugonjwa: unajuaje kwamba kitu kinaumwa, na unajuaje kinaumwa nini?

Kompresa za mwanzo zilikuwa wazi. Mota ilikaa nje, ikaizungusha kompresa kwa mkanda, na fundi aliweza kufungua, kuona vali, kubadilisha kilichochakaa. Tatizo lilikuwa pale mhimili unapoingia ndani: gesi ilivuja. Na gesi za zamani zilikuwa hatari. Nyingi za friji za nyumbani zilitumia dioksidi ya salfa, ambayo inakaba koo. Angalau ilikuwa na harufu, ikivuja pua yako ilikuwa ya kwanza kujua. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ikaanza kuuza friji iliyofahamika kama Monitor Top, yenye kompresa na mota yake vimefungiwa pamoja ndani ya chuma, juu ya kabati. Hakuna mhimili wa kuvuja. Miaka mitatu baadaye, Thomas Midgley na wenzake wakatangaza gesi mpya, Freon, isiyo na harufu wala sumu ya kawaida. Ilikuja kujulikana baadaye kabisa kwamba gesi za familia hiyo zinatoboa tabaka la ozoni, na mwaka 1987 mataifa yakasaini Mkataba wa Montreal ili kuziondoa.

Faida zilikuwa kubwa, hakuna ubishi. Ila fundi alipoteza vitu viwili kwa mpigo, macho na pua. Tangu hapo kompresa ni kopo jeusi lililochomelewa pande zote. Huwezi kulifungua bila kuliharibu. Unabaki na dalili za nje tu: mlio, joto la mabomba, mtetemo, umeme unaoliwa, presha. Fundi akawa kama daktari wa zamani asiye na eksirei, anayetegemea kugusa na kusikiliza.

Na kusikiliza kunahitaji wawili: anayesikia na anayekubali kuambiwa. Mwaka 1986 General Electric hiyohiyo ilianza kuuza friji zenye kompresa ya aina ya kuzunguka. Aina hiyo ilikuwa tayari inatumika kwenye viyoyozi, na hata leo ndiyo imejaa kwenye viyoyozi vya ukutani mitaani kwetu. Kiwanda kilikuwa Columbia, Tennessee. Sehemu mbili za ndani zilitengenezwa kwa unga wa chuma uliokandamizwa, kwa kuwa ni nafuu kuliko chuma cha kawaida. Kabla ya kuuzwa, kompresa zilijaribiwa kwa kuendeshwa mfululizo katika joto kali, ili muda mfupi uwakilishe miaka ya matumizi. Zilipita. Lakini zilipofunguliwa baada ya majaribio, mafundi wa maabara waliona nyaya za mota zimebadilika rangi, vyuma vimeanza kulika na mafuta yamegeuka tope jeusi. Yaani mashine ilikuwa bado inazunguka lakini inaungua ndani kwa ndani. Taarifa hiyo haikufika juu ikiwa na uzito wake. Huko juu lilifika neno moja tu, kwamba hakuna iliyokufa.

Mwaka 1987 zikaanza kufa majumbani kwa watu. Mwaka 1988 kampuni ikatenga dola milioni 450 kwa ajili ya hasara hiyo, na zaidi ya kompresa milioni moja zikabadilishwa. Dalili zilikuwepo mezani tangu mwanzo.

Basi turudi huku kwetu. Mwaka jana nilikuwa nafuatilia makala kuhusu magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1960, nikaelekezwa kwenye chumba kimoja cha nyaraka jijini Dar es Salaam. Taasisi sitaitaja. Magazeti yapo, yamefungwa majalada makubwa, lakini chumba kilikuwa na ule unyevu wa pwani unaousikia shingoni. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa miezi minane. Mhudumu, mama mmoja mpole sana, akaniambia, "Kompresa imekufa, mwanangu. Fundi alishasema. Tunasubiri bajeti." Bajeti ya kununua kiyoyozi kizima kipya, zaidi ya milioni mbili. Dirisha likawa linaachwa wazi.

Nikamwomba ruhusa nimlete mzee mmoja ninayemfahamu, fundi wa friji aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Alipofika hakushika bisibisi. Aliuliza kwanza, "Shikamoo zenu nimezipokea, sasa niambieni: kabla hakijafa kilikuwa kinafanyaje?" Mama akaeleza: kilianza kupoza kidogo, kisha kikawa kinatoa upepo tu, na huko nje kulikuwa na mlio wa "mmmmm," halafu "tak," kimya, halafu tena.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Baadaye alinifafanulia. Feni ya nje inazunguka, kompresa inanguruma bila kuondoka, kisha swichi ya joto inaikata isiungue. Ikipoa inajaribu tena. Anayetaka kumaliza kazi haraka akiona hivyo anasema kompresa imejam, leta nyingine. Lakini mashine inayonguruma inakwambia kwamba umeme umeifikia. Kinachokosekana ni msukumo wa kuanza, na msukumo huo huja na kapasita.

Akazima umeme kwenye swichi kubwa, akaondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita, maana hiyo inaweza kukurusha hata umeme ukiwa umezimwa. Kisha akapima ncha tatu za kompresa kwa mita: ya pamoja, ya kuanzia na ya kukimbilia. Kati ya pamoja na kukimbilia, 1.9. Kati ya pamoja na kuanzia, 3.2. Kati ya kuanzia na kukimbilia, 5.1. "Jumlisha mbili za kwanza," akaniambia. Zikaja 5.1. Hesabu hiyo ikikubali, nyaya za ndani ni nzima. Akapima tena kati ya kila ncha na mwili wa chuma, mita haikusoma kitu, maana yake umeme hauvuji kwenda kwenye bodi. Ndipo akaipima kapasita. Juu yake imeandikwa 35. Mita ilisoma 9.

Kapasita mpya ilitoka Kariakoo kwa shilingi 20,000. Kompresa iliondoka mara moja, bila kusita. Mimi nilidhani kazi imeisha, lakini mzee akavuta kiti. Alikaa karibu saa nzima. Alipima umeme inaokula akalinganisha na kibandiko. Aligusa bomba nene, likawa baridi na linatoka jasho. Bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa likawa moto. Kama yote mawili yangekuwa na joto moja wakati mota inakimbia, alisema, hapo ningekubali kwamba imekufa: inazunguka lakini haisukumi.

Kisha akauliza swali ambalo naona ndilo la msingi: kapasita imeuawa na nini? Akafungua kasha la nje. Koili imeziba vumbi kama blanketi. Joto halikuwa na pa kutokea, na joto ni adui wa kapasita. Tena umeme wa mtaa ule hukatika na kurudi papo hapo, kompresa ikilazimishwa kuondoka presha ikiwa bado juu. Akaosha koili, akafunga kile kifaa kinachosubirisha umeme dakika tatu ukirudi. "Kompresa haifi," akasema akiwa ananawa. "Huuawa."

Msemo huu si wake peke yake, mafundi wa nchi nyingi wanao. Unakataza uvivu. Ukibadilisha kompresa bila kumtafuta muuaji, atamuua na mgeni. Mfano mkubwa ni ile desturi yetu ya "gesi imeisha, ongeza." Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, imevuja. Na kwa kompresa nyingi zilizofungwa, gesi inayorudi baridi ndiyo inayopoza mota, kwa hiyo gesi ndogo ni mota inayopikwa polepole. Ukiongeza bila kuziba tundu, umelipia miezi michache, na iliyovuja imekwenda angani.

Chumba sasa ni kikavu. Lakini miezi minane ya masika na joto ilishapita. Majalada mawili yameshikana kurasa kwa kuvu, na moja kati ya hayo ndilo nililokuwa nalihitaji. Mama alijaribu kulifungua mbele yangu kwa kisu chembamba cha karatasi. Maandishi yalibaki upande wa pili, kinyumenyume, kisha yakamomonyoka. Kifaa cha shilingi 20,000 kingeyaokoa kama mtu angepima siku ya kwanza. Hakuna kapasita itakayoyarudisha.

Siandiki haya ili kila msomaji wa riwaya anunue mita. Ndani ya boksi la nje kuna umeme wa kuua, mwachie fundi. Lakini mteja ana haki ya kuuliza. Ukiambiwa kompresa imekufa, muulize fundi kwa heshima: umepima ncha tatu, zimesomaje? Kapasita imesomaje? Na kama kweli imekufa, imeuawa na nini? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa, pengine atakuonyesha mita yenyewe. Akikasirika, mlipe nauli yake, mwite mwingine.