Je, simu ya mkononi ni mbadala wa mtandao wa waya? Mfano wa Busia na Tororo

Katika mji wa Busia, unaogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, simu ya mezani imekuwa adimu. Wafanyabiashara, madereva wa malori na waendesha bodaboda huwasiliana kwa simu za mkononi, na si ajabu mtu mmoja kuwa na laini za nchi zote mbili. Kwa mtazamo wa haraka, simu ya mkononi imekwishashinda. Kwa wadhibiti wa mawasiliano, hata hivyo, jibu hilo halitoshi.

Kwa nini swali hili ni muhimu?

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Tume ya Mawasiliano ya Uganda zina wajibu wa kulinda ushindani. Ili kujua kampuni ina nguvu kiasi gani, sharti kwanza ijulikane inashindana na nani. Huduma za waya na za mkononi zikihesabiwa kuwa soko moja ilhali wateja hawawezi kuhama, kampuni pekee yenye mkongo mjini itaonekana ndogo na kuachwa ipange bei itakavyo. Zikitenganishwa ilhali zinashindana, kampuni hiyo itabebeshwa masharti yasiyo ya lazima.

Kipimo cha wachumi

Wachumi huuliza: bei ya huduma ikipanda kwa asilimia 5 hadi 10 na kubaki hapo, je, watahama wateja wengi kiasi cha kuondoa faida ya ongezeko hilo? Kipimo hiki kiliingizwa katika mwongozo wa Marekani kuhusu muungano wa kampuni mwaka 1982, kisha kikaenea kwingineko.

Bodaboda, ambayo jina lake huhusishwa na mpaka huu, ni mfano mwepesi. Nauli ikipanda, abiria asiye na mzigo anaweza kuvuka kwa miguu. Mwenye magunia mia tatu ya mahindi hana budi kukodi lori, hata bei ikipanda.

Mazungumzo na data

Kwa mazungumzo, wateja walihama zamani. Uganda ilipata Celtel mwaka 1995 na MTN mwaka 1998. Nchini Kenya, Safaricom na Kencell zilianza kushindana mwaka 2000. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, simu ya mkononi ikawa pia mkoba wa fedha. Uhamaji huo ni wa upande mmoja: aliyezoea kupigiwa akiwa safarini harudi kwenye simu iliyofungwa ukutani.

Data ni jambo jingine. Bando humtosha mwanafunzi anayesoma kwa simu. Wakala wa forodha anayetuma nyaraka kutwa nzima, au kiwanda cha saruji mjini Tororo chenye kompyuta nyingi, huhitaji kasi isiyoyumba watumiaji wanapoongezeka. Kwao, bando ni akiba ya dharura.

Tena, huduma hizo hutegemeana. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, na kutoka pwani mawasiliano huelekea Uganda kwa nyaya za nchi kavu. Minara ya simu nayo huunganishwa na nyaya hizo. Mkongo ukikatika, simu ya mkononi inayotarajiwa kuwa mbadala inaweza kuzimika pamoja nao.

Mpaka nao huamua

Mwaka 2006 Celtel iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania bila gharama za kawaida za kuvuka mpaka, na kuanzia 2014 serikali za ukanda huu zikaanza kupunguza gharama hizo kwa mitandao yote. Mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Kwa mkazi wa Busia, mbadala wa karibu unaweza kuwa mtandao wa nchi jirani. Kadiri mtu anavyosogea ndani kuelekea Tororo, chaguo hilo hufifia.

Kwa hiyo wastani wa taifa zima unaweza kuficha hali ya mji mmoja. Mdhibiti anapaswa kupima mteja kwa mteja, kazi kwa kazi na eneo kwa eneo. Akikosea, gharama itamfikia wakala ambaye lori lake limesimama mpakani likisubiri nyaraka, na hatimaye mnunuzi wa bidhaa iliyomo.