Jumba bovu humwangukia nani?

Katika kanisa Katoliki nililokulia huko Mwanza, kila Ijumaa Kuu masomo ya mateso husomwa kwa kugawana sehemu. Padri ni Yesu, kuna msimulizi, halafu sisi waumini tuliojaa kwenye mabenchi tunapewa sehemu ya umati unaotaka auawe. Nilipokuwa mtoto niliona tumeonewa. Kwa nini sisi wazuri tupewe sehemu ya wabaya? Nilikuja kuelewa ukubwani, na kilichonifundisha ni historia ya huku kwetu zaidi ya mahubiri.

Mambo ya Walawi, sura ya 16, inaeleza ibada ya mbuzi wawili. Mmoja huchinjwa. Wa pili kuhani humwekea mikono kichwani, anaungama dhambi za watu wote juu yake, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa amezibeba. Kiswahili sanifu kina neno bangusilo. Mtaani tunasema fulani kaangushiwa jumba bovu. Mbuzi yule hakuwa na kosa lolote. Alikuwa karibu, na hawezi kujitetea.

Mfaransa René Girard, aliyefariki 2015, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1982. Hoja yake kwa ufupi: jamii ikijaa hofu na uhasama, hupata utulivu kwa kuungana dhidi ya mtu mmoja. Hadithi nyingi za kale zinasimuliwa kwa mdomo wa umati, kwa hiyo aliyeuawa huonekana alistahili. Injili nazo zinasimulia mauaji ya namna hiyo hiyo, ila zinasimama upande wa aliyeuawa na kusema wazi kwamba hakuwa na hatia.

Ungedhani watu wanaosikia hadithi hiyo kila mwaka wangekuwa wepesi kuushtukia mchezo. Wapi! Februari 1349, Wakristo wa Strasbourg waliwachoma moto Wayahudi wa mji wao kwa madai kwamba Wayahudi walitia sumu visimani na kuleta tauni. Papa Klementi wa Sita alikuwa ameshatamka mwaka uliotangulia kwamba madai hayo ni uongo, maana hata Wayahudi wenyewe walikuwa wanakufa kwa tauni. Hakusikilizwa.

Na sisi je? Injili ilifika Usukuma tangu karne ya 19. Lakini mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwamba kati ya 1970 na 1984, Tanzania Bara watu 3,693 waliuawa katika matukio yanayohusishwa na imani za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, na wengi wa waliolengwa walikuwa vikongwe. Ushahidi ulikuwa macho mekundu, yaani macho ya mtu aliyepika miaka yote kwenye moshi wa kuni na samadi kavu ya ng'ombe. Mtoto anaugua, anafariki. Padri au mchungaji anazika. Baada ya mazishi ndugu wale wale wanakwenda kwa mganga kupiga ramli, na jibu linamwangukia bibi mjane wa jirani.

Mwaka 1976 serikali iliamua kukomesha mauaji. Polisi na maofisa usalama wakakamata watu wengi Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa serikali. Hapo ndipo huwa nasimama ninapoisoma habari hii. Waliotumwa kuwalinda vikongwe walikuwa wanatafuta jibu la haraka, kama ile familia iliyokwenda kwa mganga, na wakalipata kwa njia inayofanana: mtu asiye na wa kumtetea anabanwa mpaka awe mkosaji.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Angeweza kabisa kuwatupia lawama askari na kubaki na kiti chake. Mwanzoni mwa 1977 akajiuzulu. Tumezoea kuitaja habari hiyo kama mfano wa uongozi bora, na ni kweli, lakini mimi naiona pia kama ibada ya mbuzi iliyogeuzwa. Kwa kawaida lawama hushuka, kutoka kwa mwenye nguvu hadi kwa mnyonge, na ikifika kwa mjane inatulia hapo. Safari hii ilipanda, ikampata mtu mwenye cheo, naye hakuisukuma kwa mwingine. Mwislamu wa Zanzibar alifanya jambo ambalo sisi Wakristo tunalisoma kila Ijumaa Kuu. Simfanyi Masihi, waliokufa hawakufufuka kwa barua yake ya kujiuzulu, na vikongwe waliendelea kuuawa miaka mingi baadaye.

Siku hizi siioni tena kuwa tumeonewa. Kanisa linatupa sehemu ya umati kwa sababu ni yetu. Ila kuikataa hakufanyiki kanisani. Kunafanyika msibani, usiku, chini ya turubai, mtu anapokusogelea na kunong'ona, "Lakini yule bibi, mbona hakulia?"