Shaba au alumini: metali ipi inafaa kupoza kompyuta?

Msikilizaji wetu mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi alituuliza hivi: kompyuta yake inafanya kazi vizuri asubuhi, lakini ikifika saa nane mchana inazima yenyewe. Fundi amemshauri aing'oe hitisinki ya alumini iliyomo na kununua ya shaba. Je, atoe hela?

Swali hili linawagusa wengi, wakiwemo walimu na wahudumu wa zahanati wanaotegemea kompyuta moja kwa kazi zote. Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo.

Hitisinki ni nini?

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote. Karibu umeme wote unaoingia humo hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zimetengenezwa kwa kiwango cha wati 65 hivi, na joto hilo lote hutoka kwenye kipande kidogo kinacholingana na ukucha wa kidole gumba. Lisipoondolewa, prosesa hupunguza kasi, na likizidi kompyuta hujizima ili isiungue.

Hitisinki ni kile kipande cha metali chenye mabamba membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Hukaa juu ya prosesa, chini ya feni. Hulivuta joto kutoka kwenye prosesa na kulitandaza kwenye mabamba, kisha feni hulipeperusha. Ukitazama nyuma ya amplifaya ya muziki utaona kitu kama hicho hicho.

Metali hazilingani

Ukikoroga uji unaochemka kwa mwiko wa mbao, mkono hauungui. Ukitumia kijiko cha alumini, utakiachia upesi. Tofauti hiyo ndiyo tunayoiita uwezo wa kupitisha joto. Wanasayansi huupima kwa wati kwa mita kwa kelvini, na namba ikiwa kubwa joto hupita kwa wepesi zaidi. Kwa metali zisizochanganywa, namba ni hizi kwa makadirio:

- Fedha: 430
- Shaba: 400
- Dhahabu: 318
- Alumini: 237
- Chuma: 80

Chuma kisichoshika kutu, ambacho ni mchanganyiko, kina 15 hivi tu.

Namba hizi zina maana gani? Chukua fimbo ya urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 1 kila upande. Ncha moja iwe na joto la nyuzi 50 zaidi ya nyingine. Fimbo ya shaba itapitisha wati 20, ya alumini wati 12, ya chuma wati 4. Ile ya chuma kisichoshika kutu haitafikisha hata wati 1.

Kwa nini basi zote zisiwe za fedha au shaba?

Fedha inaishinda shaba kwa asilimia 7 hivi tu, ilhali bei yake ni ya vito. Dhahabu, pamoja na sifa zake zote, iko chini ya shaba. Kwenye kompyuta hupakwa kwenye vituo vya kuunganishia umeme kwa sababu haishiki kutu.

Ushindani wa kweli ni kati ya shaba na alumini. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi, lakini ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ukubwa ule ule, na ni ghali. Mnaoishi kando ya barabara kuu itokayo Tunduma mnayaona malori yanayobeba shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo inagombewa na watengeneza nyaya, mota na transfoma duniani kote.

Alumini ni rahisi, nyepesi, na hutengenezwa kwa urahisi kuwa mabamba membamba. Ukilinganisha kwa uzito, kilo moja ya alumini hupitisha joto karibu mara mbili ya kilo moja ya shaba, kwa kuwa kilo hiyo inatoa kipande kikubwa zaidi. Hili ni jambo la maana, maana hitisinki nzito huielemea bodi ya kompyuta.

Ndiyo maana hitisinki nyingi nzuri huchanganya zote mbili: shaba chini, mahali inapogusana na prosesa, na mabamba ya alumini juu. Nyingine zina mirija ya shaba yenye maji kidogo ndani. Maji hayo huchemka upande wa moto, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kurudi, kama yanavyofanya matone kwenye mfuniko wa sufuria. Mirija hiyo usiikunje wala kuitoboa, kwani ikivuja haifai tena.

Kuitambua dukani

Usiamini rangi peke yake. Shaba iliyopakwa nikeli huwa nyeupe kama alumini, na alumini inaweza kupakwa rangi ya shaba. Sumaku pia haisaidii, maana hainasi kwenye shaba wala alumini. Pima uzito mkononi: shaba ni nzito mno kwa umbo lake.

Turudi kwa msikilizaji wetu

Kwanza, hitisinki haitengenezi baridi. Hulihamisha joto kwenda kwenye hewa iliyopo. Chini ya bati, hewa ya dukani ikipanda kutoka nyuzi 22 asubuhi hadi 34 mchana, prosesa nayo hupanda kwa kama nyuzi 12 hizo hizo. Hiyo ndiyo saa nane yake.

Pili, safari ya joto ni kama maji bombani. Ukiunganisha bomba pana na jembamba, yatakayotoka ni yale yanayopita kwenye jembamba. Hewa hupitisha joto vibaya mno, namba yake ni 0.026. Uwazi mdogo tu kati ya prosesa na hitisinki unaharibu kazi yote ya shaba. Kuziba uwazi huo ndiyo kazi ya pesti inayopakwa katikati. Pesti nayo si shaba, nyingi ziko kati ya 1 na 10, hivyo safu yake iwe nyembamba. Ikikauka na kupasuka, hewa huingia. Vumbi nalo likijaa kwenye mabamba, hewa ya feni haipiti.

Hata sisi yametukuta. Kompyuta ya studio ilizima tukiwa hewani, na tulikuwa tayari kutafuta mpya. Fundi alitoa vumbi lililoshikamana kama blanketi, akapaka pesti mpya, na hitisinki ile ile ya alumini inaendelea na kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua shaba, fanya haya:

1. Chomoa umeme, fungua kompyuta, ondoa vumbi kwa brashi kavu. Shikilia feni isizunguke unapopuliza.
2. Washa uone kama feni inazunguka vizuri.
3. Mwambie fundi afute pesti ya zamani kwa spiriti na kupaka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Dawa ya meno haifai, hukauka upesi.
4. Iweke kompyuta mbali na ukuta na jua, isikae sakafuni kwenye vumbi.
5. Ukiuziwa pesti ya metali ya majimaji yenye galiamu, usiipake kwenye alumini. Huila na kuidhoofisha.

Ukishafanya hayo na kompyuta bado inazima, mwambie fundi apime joto la prosesa kwa programu, kwani pawa saplai mbovu nayo huzima kompyuta. Ikiwa joto bado liko juu, hapo hitisinki kubwa zaidi, au yenye shaba chini, ina haki ya kugharimiwa. Lakini hitisinki ya shaba juu ya pesti iliyokauka itakuzimikia saa nane kama ile ya kwanza.