Kambale Yuko Namba Nne: Lugha ya Siri ya Redio za Magari ya Serengeti

Vuta picha. Ni Agosti, saa nne asubuhi, Kogatende, kaskazini kabisa ya Hifadhi ya Serengeti, wilaya ya Serengeti mkoani Mara. Mgeni kutoka Ulaya amekaa nyuma ya Land Cruiser, kofia mpya, kamera kubwa kama bazuka. Redio kwenye dashibodi inakoroma, kisha inatoka sauti: "Kambale wawili, wamelala, jirani na namba nne." Dereva anajibu "Nimekusoma," anatia gia taratibu kama mtu asiye na haraka, anamwambia mgeni wajaribu bahati upande ule. Dakika kumi baadaye wako mbele ya simba madume wawili. Mgeni anaamini kabisa kwamba dereva wake ananusa simba kwa pua.

Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa hii haihitaji maelezo marefu. Kambale ana ndevu, simba dume naye ana ndevu. Imeisha hiyo.

Madereva waongoza watalii wa kaskazini wamekuwa wakitumia mafumbo ya aina hii kwa miaka. Simba ni kambale, au "sharubu". Chui, kwa kuwa anapenda kupanda mti, ni "madoa wa juu". Duma, mwenye madoa lakini mtu wa ardhini, ni "madoa wa chini". Majina hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, na fumbo likishazoeleka sana na wageni linaachwa, linatafutwa jingine. Majina ya waliolibuni hayapo kwenye kitabu chochote. Ni madereva tu, wengi wakiwa wamesota Arusha wakisubiri msimu, waliokaa na tatizo lao wakalitafutia dawa.

Na tatizo lenyewe lina mwaka: 1994. Mwaka huo Disney walitoa filamu ya The Lion King, na kuanzia hapo dunia nzima ikajua maneno manne matano ya Kiswahili bila kulipa ada ya shule. Mtoto wa Ohio anajua simba ni nini. Anajua rafiki. Sasa dereva akitamka "simba" kwenye redio, gari zima linasimama wima kwenye viti. Wakifika wakakuta simba kaingia vichakani, nyuso zinabadilika, na safari iliyokuwa nzuri inageuka lawama. Na dereva anajua kwamba tipu ya siku ya mwisho inategemea sana nyuso hizo. Ukisema kambale, ukifika simba yupo, wewe ni shujaa. Simba hayupo, hakuna aliyeahidiwa kitu.

Lakini kifaa chenyewe kilitoka wapi hadi kikafika kwenye dashibodi?

Mawazo ya kumpa mwananchi wa kawaida redio ya kuongea kutoka kwenye gari lake yalikomaa Marekani. Mwaka 1958 serikali yao ilitenga masafa ya megahezi 27 na kuyagawa katika chaneli 23 kwa raia yeyote, si askari wala mwanajeshi. Wakaiita CB, yaani redio ya raia. Kwa miaka 15 ilikuwa kitu cha mafundi na wenye biashara ndogo. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikakata mafuta, na mwanzoni mwa 1974 Marekani ikashusha mwendo kasi wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Madereva wa malori, wanaolipwa kwa umbali, waliona wanaibiwa mchana. Wakafunga CB na kuanza kuambiana kituo gani kina mafuta na askari wamejificha wapi.

Hapo Mtanzania anatabasamu. Kila aliyewahi kupanda basi la mkoani anajua dereva anayekuja akiwasha taa mara mbili, trafiki wako mbele. Wamarekani walikuwa na taa zile zile, ila zinaongea.

Ikawa fasheni. Kila mtu alikuwa na jina lake la hewani, kama leo watu walivyo na majina ya Instagram, na hata Betty Ford, mke wa rais wakati huo, alijiita "First Mama". Wimbo wa madereva wa malori ukashika namba moja, filamu zikafuata. Msongamano ukawa mkubwa kiasi kwamba tarehe 1 Januari 1977 chaneli ziliongezwa hadi 40.

Mwezi mmoja baadaye, upande wetu wa dunia, mambo yalienda kinyume. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Kabla ya hapo watalii wengi walitoka Nairobi, wakapita Maasai Mara, wakaingia Serengeti kwa Bologonja. Njia hiyo ilikatwa kama uzi. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, lakini hadi leo mtalii haruhusiwi kuvuka pale. Kaskazini ya Serengeti ikakosa wageni, na porini pasipo macho majangili hujaa. Faru waliokuwa wakihesabiwa kwa mamia katika mfumo wa Serengeti miaka ya 1970 wakaisha karibu wote.

Kwa hiyo wakati Mmarekani anapiga soga na mtu asiyemjua kwenye lori, redio ya Tanzania ilikuwa kitu cha kazi. Watu waliiita redio ya upepo, jina zuri kuliko la Kiingereza. Ilikuwa polisi, hospitali za misheni, hifadhini. Madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa 1957, walitegemea redio hizo kujua ni zahanati gani ya porini ina mgonjwa wa kufuata kwa ndege. Haukuwa mchezo wa kujipa majina. Na hata leo huwezi tu kuagiza redio mtandaoni ukaifunga na kuanza kupiga kelele: masafa yana wenyewe, na leseni inatoka TCRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2003.

Magari ya utalii yakaingia kwenye mkondo huo huo. Ukiangalia Land Cruiser la safari vizuri utaona zipo antena za aina mbili. Ile fimbo nene, ndefu, iliyosimikwa kwenye bampa la mbele na mara nyingine kukunjwa kwa kamba, ni ya HF. Mawimbi yake hupanda juu angani na kurudishwa chini mbali, hivyo dereva aliye porini anaweza kuongea na ofisi Arusha, siku hewa ikikubali. Ile nyembamba, fupi, kama nusu mita, ni ya VHF. Hiyo husafiri kwa mstari ulionyooka. Kilima kikikaa katikati, umekwisha. Ndiyo maana dereva mwenye uzoefu akitaka kuongea hupanda kwanza mwinuko, na wageni wanadhani amewapeleka kuona mandhari.

CB ya Mmarekani ingesumbua hapa kwa sababu moja ndogo ya kifizikia. Wimbi lake lina urefu wa mita 11, na antena kamili ni robo ya hapo, karibu mita mbili na robo tatu. Ifunge juu ya gari linalopita chini ya migunga kila siku uone itadumu wiki ngapi.

Kufunga redio kwenye gari la safari ni kazi ya fundi anayejua anachofanya, na gari lenyewe halimsaidii. Mahali pazuri pa antena ni katikati ya paa, kwa sababu bati la paa ndilo linalosaidia wimbi kusambaa pande zote. Lakini paa la gari la safari limekatwa na linafunguka ili wageni wasimame! Basi antena inahamia kwenye bampa au pembeni ya boneti, na inaongea vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Umeme unatakiwa utoke moja kwa moja kwenye betri, waya wake mnene, fyuzi karibu na betri. Ukiiba umeme kwenye waya wa sigara utasikia injini ikiimba ndani ya spika: ukikanyaga mafuta, mlio unapanda. Kisha antena inapimwa kwa mita ili nguvu itoke nje na isirudi kwenye redio. Na kosa linaloua redio nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuongea wakati antena imekatika. Nguvu inakosa pa kwenda, inakaanga redio yenyewe. Barabara za Serengeti zenye makorongo zinakata antena bila huruma.

Kuongea nako kuna adabu. Sikiliza kwanza kama kuna mtu. Bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linamezwa. Taja unayemwita kabla ya kujitaja. Sema kifupi, achia kitufe, kwa sababu wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika. "Unanisoma?" "Nakusoma." Kijana wa Sinza anayemwandikia mwenzake "nimekusoma" anaongea lugha hii hii, hata kama hajawahi kushika maiki.

Sasa hapa ndipo utamu unapoingia shubiri.

Kuanzia Julai hadi Oktoba makundi ya nyumbu yanazunguka Mto Mara, yakivuka kwenda Lamai, ile kona ya hifadhi inayopakana na vijiji vya Tarime, na kurudi. Madereva wameyapa maeneo ya kuvukia namba. Nyumbu wanaweza kusimama ukingoni saa tatu nzima, wakasogea, wakarudi nyuma, na mgeni analipa pesa nyingi kuona dakika kumi tu za mwisho. Dereva mmoja akisema redioni "namba saba wamejaa, wanataka kushuka," kila gari lililo karibu linageuza. Katika muda mfupi kuna msururu wa magari ukingoni. Nyumbu anayeona ukuta wa mabati mbele ya njia yake anafanya akili: anarudi.

Julai 2025 watu wa mitandao walijionea wenyewe. Video kutoka Kogatende zilisambaa, watalii wakiwa wameshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni, jambo lililokatazwa, huku nyumbu wakihangaika kutafuta pa kupita. TANAPA ikatoa tamko la kukemea. Kwenye maoni kila mtu alimpiga mawe dereva.

Dereva ana makosa yake, na haifai kumpamba. Lakini yuko katikati ya vitu viwili. Asipowaambia wenzake alichokiona, kesho naye hataambiwa, na mgeni wake atarudi hotelini mikono mitupu. Akiwaambia, ameita magari 30. Redio haina kitufe cha kuwaambia watano tu. Kila aliye kwenye masafa hayo anasikia, awe rafiki, awe mpinzani, awe mtu mwenye redio ya magendo ambaye hana nia njema.

Hilo la mwisho ndilo linalofanya faru awe habari nyingine kabisa. Mei 2010 faru weusi watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini, wakapokewa kwa sherehe na ulinzi mkali. Kabla 2012 haijaisha, mmoja alikuwa ameshauawa na majangili. Dereva mwenye akili akimwona faru anaweka maiki chini. Hakuna fumbo la faru lililo salama, kwa sababu fumbo lolote linalojulikana na madereva 100 lina uwezekano wa kujulikana na wa 101.

Novemba mvua za vuli zinaingia, nyumbu wameshaelekea kusini, na udongo mweusi wa mbugani unageuka gundi. Chaneli zinapoa. Halafu jioni moja inasikika sauti moja tu, haina kambale wala sharubu: gari limenasa hadi kwenye bodi, ndani kuna wageni, na saa za kutembea hifadhini zinakaribia kwisha. Madereva wawili waliokuwa wakinyang'anyana nafasi pale namba nne mwezi Agosti wanajibu karibu kwa pamoja, sauti zinagongana, hakuna anayesikika. Mmoja anaachia kitufe, anasubiri. Kisha anauliza kama jamaa ana kamba yake, au aje na ya kwake.