Kutoka Kipembe cha Mkunga Hadi Ultrasaundi

Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Wengi wetu tuliozaliwa Buha miaka ya 1970 na 1980 hatukuonwa na mtu kabla ya siku ya kuzaliwa. Mkunga alimpapasa mama kwa viganja, kisha akasikiliza mapigo ya moyo kwa kile kipembe kilichobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Pacha wa pili aliweza kugundulika siku ya uchungu. Kondo la nyuma likiziba njia ya mtoto, mara nyingi dalili ya kwanza ilikuwa damu, na Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ilikuwa mbali kwa barabara ya vumbi na tope.

Kumbe wakati huo ultrasaundi ilikwisha kuanza kwingine. Mwaka 1958, Dkt. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, mji wa Uskoti uliosifika kwa kuunda meli, walichapisha picha za ndani ya tumbo. Walianza na mashine ya kiwandani ya kutafuta nyufa katika chuma. Sauti isiyosikika kwa sikio hupelekwa ndani, na mwangwi unaorudi huchora picha.

Kwa hiyo hakuna mionzi kama ya eksirei, wala sindano, na kipimo hakiharibu mimba. Mama hulala chali, hupakwa jeli ya baridi tumboni, na mtaalamu hupitisha kifaa juu ya ngozi. Mimba ikiwa changa, huenda akaambiwa anywe maji na asikojoe kwanza. Ataelezwa umri wa mimba, idadi ya watoto na kondo lilipo. Si kila tatizo huonekana, hivyo kliniki asiiache.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24. Wapo dada zetu wanaoanza kliniki baada ya hapo.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunajua kuwa mashine ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna mafunzo ya mtumiaji, umeme, jeli, matengenezo na nauli ya mama kutoka kijijini. Tuchangie mistari yote. Na kabla ya kutuma mchango, tumpigie simu dada aliye nyumbani, tumweleze haya.